Umeme kichwani, kikombe mkononi

Zoezi lenyewe halina makuu: meza, kikombe kitupu cha plastiki, na mkono uliolegea kwa kiharusi. Kunjua vidole, shika, inua, weka. Rudia, na rudia tena. Tiba ya mkono imepitia mengi, lakini kikombe hicho hakijaondoka mezani.

Tiba ya umeme ilianza na samaki. Katika karne ya 1, tabibu wa Roma, Scribonius Largus, aliwatibu wenye maumivu ya kichwa kwa samaki hai mwenye umeme mwilini. Mwaka 1804 Giovanni Aldini, mpwa wa Luigi Galvani, alichapisha habari za kupitisha umeme wa betri vichwani mwa wagonjwa wa sonona. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliugutusha ubongo kwa sumaku, mkono ukacheza bila fuvu kupasuliwa. Kisha mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba hata miliampia 1, ikipitishwa kwenye sponji zenye maji ya chumvi, huupa wepesi au uzito ubongo unaoongoza misuli.

Umeme huo hauinui mkono. Unalainisha udongo tu. Mbegu ni mazoezi. Hapo ndipo uhalisia pepe ulipokaribishwa: mgonjwa huvaa miwani, akadaka mipira isiyokuwepo, na marudio yanayochosha yakageuka mchezo. Majaribio ya kuunganisha umeme na uhalisia pepe yametoa majibu tofauti: mengine yameona nafuu zaidi, mengine hayakuona tofauti na mazoezi peke yake.

Kyambogo, kilima kilichoko kando ya barabara ya Jinja, mashariki ya Kampala, Uganda, kilifuata njia nyingine ya kumfikishia mgonjwa mazoezi. Mwaka 2003 vyuo vitatu vya hapo, cha ufundi, cha ualimu na UNISE cha elimu maalumu, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Urithi wa UNISE ulibaki katika masomo ya utengamao katika jamii, fikra iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978: huduma imfuate mgonjwa nyumbani, na ndugu zake wafundishwe zoezi.

Miwani ikifika, itaongeza hamu ya mazoezi. Isipofika, yupo mjukuu mkekani, kikombe mbele ya bibi, akihesabu kwa Kiganda: emu, bbiri, ssatu.