Rusizi na Viongozi Wake wa Njia

Mkazi wa Jabe, mtaa wa Bujumbura, atakaye kuwaona viboko katika maskani yao hana haja ya safari ya siku nyingi, kwani delta ya Rusizi, pale mto huo utokao Ziwa Kivu unapoingia Ziwa Tanganyika, iko kilomita 15 hivi kutoka mjini, kwa barabara ya Gatumba.

Na huko, tangu zamani, mgeni huongozwa. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke, wakiwa na mkalimani wao Sidi Mubarak Bombay, walifika Uvira, kaskazini mwa ziwa hilo, wakitaraji kwamba Rusizi hutoka ziwani kwenda kaskazini, na kwamba huenda ndio asili ya Nile. Wenyeji wakawaarifu kuwa maji yake huingia ziwani. Novemba 1871 wasafiri David Livingstone na Henry Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakapelekwa na wapiga makasia hadi mlangoni mwa mto, wakayathibitisha kwa macho yao yale ambayo wavuvi wa ufuoni waliyajua tangu dahari. Vitabu vikawapa sifa wasafiri, ilhali haki ya sifa hiyo, kwa rai yangu, ni ya wavuvi.

Mwaka 1980 serikali ya Burundi iliiweka Rusizi chini ya himaya ya sheria, na mwaka 2002 ikaingia katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Sehemu zake ni mbili: delta yenyewe, yenye matete na mafunjo, na juu zaidi uwanda wa mikoche, mti wa jamii ya mnazi. Huko kiongozi mahiri husimama penye ujia wa kiboko, akaeleza kwamba mnyama huyo hushinda majini mchana na kutoka usiku kula majani, na kwa hiyo si salama kusimama baina yake na maji. Ndipo mtoto wa mjini anapofahamu kwa nini viboko huonekana usiku hata katika mitaa iliyo kando ya ziwa. Elimu ya namna hii haipatikani kwa kupita na gari.

Mikoche nayo imedhuriwa na shoka, moto na mifugo. Kisha, katika miaka hii ya karibuni, ziwa limepanda, Gatumba imegharikishwa mara kwa mara, na waongozaji wamelazimika kutafuta njia mpya katika nchi waliyoizoea.