Safu ya Tatu: Historia ya Kukaa Ndani ya Gari la Familia

Mwaka 1962 kiwanda cha Land Rover kilichopo Solihull, Uingereza, kilianza kuuza gari la familia lenye nafasi ya watu kumi na wawili. Watatu walikaa mbele pamoja na dereva, watatu katikati, na sita nyuma kabisa, watatu kila ubavu, wakitazamana magoti kwa magoti. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma gari hilo lilikuwa na inchi 109, yaani sentimita 277 hivi, urefu ambao leo waundaji wengi wanautumia kubebea watu watano. Hesabu ya kumi na wawili ilitokana na kodi. Waingereza wakati ule walitoza kodi ya ununuzi kwa gari binafsi, lakini gari la watu kumi na wawili lilihesabiwa kisheria kuwa basi, na basi lilisamehewa. Ikawa nafuu kununua lenye siti kumi na mbili kuliko lenye kumi.

Gari hilo watu wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri. Lilitumika misheni, hospitalini, mbugani na katika ofisi za wilaya, na wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanakumbuka lile benchi la ubavuni: mtu unakaa kiubavu, gari likifunga breki unamlalia jirani, likipanda mlima wote mnateremkia mlango wa nyuma. Nalitaja mwanzoni kwa sababu linaonyesha jambo ambalo limedumu kwa zaidi ya miaka sitini. Ndani ya magari haya ya juu tunayoyaita SUV, faraja haikuwafikia abiria wote kwa wakati mmoja. Ilianza na dereva, ikachukua miongo kuhamia safu ya pili, na safu ya tatu bado inaidai.

Kodi hiyohiyo ilikuwa imeshaliua jaribio la mapema zaidi. Mwaka 1948, mwaka uleule Land Rover ya kwanza ilipozinduliwa, kampuni ya Tickford ilipewa kazi ya kuijengea bodi ya abiria saba, yenye fremu ya mbao na siti za ngozi. Land Rover ya kawaida ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi, haikutozwa kodi ya ununuzi. Hii ya Tickford ilionekana wazi kuwa gari la starehe, ikatozwa. Hazikufika 700 zilizouzwa, na mwaka 1951 ikaachwa. Wamarekani walikuwa wametangulia: Chevrolet waliuza Suburban ya watu wanane tangu 1935, bodi yote ya chuma juu ya chasisi ya lori dogo. Hata huko, gari lilibaki lori lililowekewa siti.

Na siti zenyewe? Kabla sponji ya kisasa haijaenea, kiti cha gari kilikuwa springi za waya zilizofunikwa kwa pedi ya nywele za farasi au ya makumbi ya nazi yaliyoshikizwa kwa mpira. Volkswagen ya kobe iliyapitisha makumbi hayo mapajani mwa mamilioni ya watu. Pedi ya namna hiyo hupitisha hewa, na katika joto la pwani hilo si jambo dogo, lakini kwa miaka hukauka, hukatika na kumwaga unga, hadi springi ikamfikia abiria. Sponji ya poliyurethani, iliyotokana na kazi ya mkemia Mjerumani Otto Bayer ya mwaka 1937, iliingia viwandani kwa wingi miaka ya 1950 na baadaye. Kwa mara ya kwanza mwundaji aliweza kuchagua ugumu tofauti kwa kila sehemu ya siti: imara chini ya mifupa ya makalio, laini kidogo pembeni, na iliyojaa pale kiuno kinapohitaji kuegemezwa. Mtu akiisifu siti kwa sababu imemmeza alipoikalia dukani, amepima dakika tano za kwanza tu. Siti laini mno humwacha abiria akae juu ya mifupa miwili midogo huku mapaja hayajabeba kitu, na ukitoka Dar es Salaam kwa gari, baada ya Chalinze mgongo huanza kulalamika.

Range Rover ya 1970 mara nyingi husifiwa kuwa ndiyo iliyoleta starehe. Nakubali kwa upande wa mwendo, kwa sababu iliacha springi za mabamba na kutumia koili pande zote nne. Ndani ilikuwa habari nyingine. Siti zilikuwa za plastiki, sakafu ilitengenezwa ioshwe kwa mpira wa maji, na milango ilikuwa miwili tu. Bibi aliyetaka kukaa nyuma alilazimika kusubiri siti ya mbele iinamishwe, kisha ajipenyeze. Milango minne ilitoka kiwandani mwaka 1981, baada ya miaka kumi na moja. Wakati huo Toyota tayari walikuwa na Land Cruiser ya milango minne iliyojengwa kwa ajili ya familia, FJ55 ya 1967 na FJ60 ya 1980. Pajero ya kwanza, ya 1982, ilipata siti yenye springi na kifyonza mshtuko chake yenyewe, ikipanda na kushuka pamoja na uzito wa mwili. Siti hiyo ilikuwa ya dereva.

Ili kuelewa kwa nini abiria wa nyuma alisubiri muda wote huo, inabidi uiname uchungulie chini ya gari. Gari la juu la zamani lina chasisi nene ya ngazi, na nyuma yake ekseli ngumu: bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi, difu katikati. Gari likiingia shimoni, bomba zima linapanda, kwa hiyo sakafu iliyo juu yake lazima iachiwe nafasi. Sakafu ikiinuka, na paa likabaki palepale, siti hainyanyuki kwa kiasi hichohicho. Matokeo yake abiria wa safu ya tatu anakaa kama mtu aliye juu ya mbuzi wa kukunia nazi, magoti yakikaribia kifua na mapaja yakining'inia bila kuguswa na sponji. Zaidi ya hapo, siti yake iko juu ya ekseli au nyuma yake. Tuta ambalo dereva amelisikia kwa mbali, yeye linamrusha.

Ufumbuzi wa kwanza ulikuwa kuachana na chasisi ya lori kabisa. Mwaka 1994 Toyota walitoa RAV4, iliyotumia misingi ya magari madogo ya saluni, na mwaka uliofuata wakairefusha kwa milango mitano: kutoka milimita 2,200 kati ya ekseli hadi 2,410. Mwaka huohuo wa 1995 Honda walitoa CR-V, na kwangu mimi hilo ndilo gari la kwanza la aina hii lililobuniwa na mtu aliyewafikiria wanaokaa ndani. Sakafu ilikuwa tambarare, gia ya otomatiki iliwekwa karibu na usukani, na mzazi aliyekaa mbele aliweza kupita katikati ya siti mbili kumfuata mtoto nyuma bila kushuka. Kifuniko cha sakafu ya buti kilikuwa meza yenye miguu ya kukunjwa. Harrier ya mwishoni mwa 1997, iliyojengwa juu ya misingi ya Camry, ikamalizia kazi upande wa ulaini. Magari haya matatu, yaliyokwisha kutumika Japani, ndiyo yaliyoibadili sura ya maegesho ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Hakuna hata moja lililozidi watu watano.

Familia zetu si za watu watano. Kuna mtoto wa kaka anayesoma mjini, kuna shangazi, kuna dada wa kazi. Hivyo safu ya tatu ndiyo inayotuhusu, na historia yake ni ya kusogea polepole. Discovery ya 1989, ambayo ndani ilibuniwa na Conran wa London, ilikuwa bado na visiti vya ubavuni kwenye buti. Toleo la 1998 lilirefushwa nyuma ili visiti hivyo vitazame mbele. Ford nao, kwa Explorer ya mwaka 2002, wakafanya kitu cha kihunzi ninachokipenda sana: waliachana na ekseli ngumu ya nyuma, wakaweka shafti mbili zinazojitegemea, kisha wakatoboa chasisi yenyewe ili shafti zipite katikati yake. Kwa matundu hayo mawili sakafu ikashuka na safu ya tatu ikapata mahali pa kuweka miguu.

Mwaka huohuo wa 2002 Volvo walionyesha XC90, na mapazia ya hewa ya kujikinga na ajali yakafunika safu zote tatu. Siti ya katikati ya safu ya pili iliweza kugeuzwa kiti cha mtoto na kusogezwa mbele hadi akawa karibu na wazazi wake. Kisha ikaja Discovery 3 ya 2004, yenye springi za hewa zinazojitegemea, na hapo mtu mzima aliweza kukaa nyuma kabisa miguu ikiwa imeshuka sawasawa. Toyota walibaki na ekseli ngumu kwa sababu inavumilia barabara mbaya, na katika Prado ya 2002 siti za nyuma zilikunjwa zikaning'inia madirishani, zikila buti kwa kila upande. Prado ya 2009 ilizilaza sakafuni. Land Cruiser kubwa ilisubiri hadi toleo la 300 la mwaka 2021.

Vipimo vinavyoandikwa kwenye vipeperushi vinahitaji tahadhari. Nafasi ya miguu hupimwa kwa sanamu yenye umbo la mtu mzima, kuanzia kiungo cha nyonga, viti vikiwa vimewekwa kwa utaratibu maalumu. Katika gari ambalo safu ya pili huteleza mbele na nyuma, sentimita unazosomewa za safu ya pili na zile za safu ya tatu mara nyingi haziwezi kupatikana kwa pamoja: ukimpa huyu, umemnyang'anya yule. Buti nalo, kwa mbinu ya Wajerumani, hupimwa kwa kulijaza vibao vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kibao lita moja. Kibao huingia kwenye kona ambayo begi la shule haliingii. Na idadi kubwa ya lita iliyoandikwa kwa wino mzito ni ile ya siti zikiwa zimelazwa, yaani gari likiwa halina watoto.

Ndiyo maana ninapomsindikiza ndugu yadi kuangalia gari, namwomba kwanza aweke siti ya dereva anavyokaa yeye mwenyewe, kisha ahamie nyuma yake, kisha nyuma kabisa, akiwa na viatu, mlango umefungwa. Apitishe kiganja chini ya paja: kikipita bila kugusa siti, huyo ni abiria wa safari fupi. Aangalie kama mkanda wa katikati ni wa begani au wa kiunoni tu, na kama siti ya nyuma ina mahali pa kuegemeza kichwa.

Sasa magari ya umeme yanaiandika upya hesabu hii. Hayana shafti inayopita katikati wala bomba la moshi, kwa hiyo sakafu ni tambarare, lakini betri imelala chini yake na kuinyanyua, na tatizo la magoti limerudi kwa njia nyingine. Kia EV9 ya mwaka 2023, yenye safu tatu, imejaribu kulijibu kwa urefu: milimita 3,100 kati ya ekseli na ekseli, zaidi ya mita moja kuizidi Land Rover ya 1948. Magari ya namna hiyo yataanza kuingia bandarini kwetu yakiwa yamekwisha kutumika, na katika yadi za Nairobi na Dar es Salaam wanunuzi watayafungua milango ya nyuma na kuinama kuangalia sakafu iko wapi.