Macho ya Bibi: Umri Mrefu kutoka Shinyanga hadi Rwamgasa

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga, na aghalabu neno hilo hutamkwa kumpongeza aliyejaaliwa umri mrefu. Lakini katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, neno lilo hilo limekuwa na upande wa pili wenye uchungu. Huko, kwa miongo kadhaa, bibi kizee aliyeona mengi aliweza kuuawa kwa sababu ya macho yale yale aliyoonea. Anayetaka kusimulia maisha ya mzee wa ukoo katika kijiji kama Rwamgasa, mkoani Geita, hana budi kuanzia kwenye macho hayo.

Mazishini husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, akaolewa, akajaaliwa watoto kadhaa, ameacha wajukuu na vitukuu. Mwaka wenyewe wa kuzaliwa mara nyingi ni wa kukisia. Aliyezaliwa katika miaka ya 1930 hakuandikwa popote, na sensa ya mwaka 1948 ilimkuta tayari ni msichana wa kuteka maji na kulea wadogo zake. Wasifu huo haudanganyi, ila hautoshi. Yafuatayo si maisha ya bibi mmoja mwenye jina lake, bali ni njia waliyoipita wengi wa kizazi hicho, waliozaliwa upande wa Shinyanga wakazeekea Geita.

Alipozaliwa, Shinyanga ilikuwa ikifyekwa. Tangu miaka ya 1920, chini ya uongozi wa Charles Swynnerton, serikali ya kikoloni iliendesha vita dhidi ya mbung'o, mdudu aenezaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Silaha kubwa ya vita hivyo ilikuwa shoka: mbung'o hukaa vichakani, kwa hiyo vichaka viondolewe. Watu walitolewa kwa wingi kukata miti, mbung'o wakarudi nyuma, na mifugo ikapata malisho. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na miti haikurudi. Kuni zikawa za kufuatwa mbali. Mwanamke akapikia alichokipata: mabua ya mtama, mabua ya pamba, samadi iliyokaushwa juani. Moto wa namna hiyo una moshi mwingi, na jiko lake lilikuwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Hapo ndipo macho yalipoanza kuwa mekundu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ya Usukuma ilionekana kuwa imesongamana watu na mifugo. Serikali ikaweka mpango wa kuwapunguza, na jamaa nyingi zikahamia magharibi, Geita, katika nchi ya Wazinza na ya Walongo, mafundi mashuhuri wa kufua chuma. Madini basi hayakuwa jambo geni katika ardhi ile. Dhahabu nayo ilikwisha kuonwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Hata hivyo, bibi huyu, wakati huo mke kijana, hakuja kwa ajili ya dhahabu. Alikuja na jembe.

Pamba ndiyo iliyomwonyesha siasa. Wakulima walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, wakaanza kupima pamba yao wenyewe kabla ya kuiuza. Katika harakati hizo alitokea Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana katika shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani akawa waziri baada ya uhuru, kisha balozi nchini Marekani, akafariki mwaka 2005. Maisha yake yameandikwa. Mwanamke aliyepalilia pamba hiyo, akaichuma na kuibeba kichwani hadi ghulioni, hakuandikwa hata katika daftari la chama, kwani aghalabu jina lililokuwemo ni la mumewe.

Mwaka 1958 Geita ilichafuka. Serikali ilitaka baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, katika wilaya ambayo karibu wakazi wake wote walikuwa Waafrika. TANU ilikuwa imezuiwa kuendesha shughuli zake Usukumani tangu mwaka 1954, lakini katazo halikuwazuia watu kukataa. Waliandamana hadi Mwanza kupeleka malalamiko, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hata huo ulikuwa moshi wa kuingia machoni.

Uhuru ukaja, kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mji na mashamba yake, walitakiwa kukaa pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Wako waliohama kwa hiari na wako waliohamishwa kwa nguvu. Huduma zilifika katika vijiji vingi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini watu waliotengana kwa mashamba mapana sasa walijikuta ukuta kwa ukuta na majirani wasiowachagua. Mtoto alipougua ghafla, au ng'ombe alipokufa, jirani alikuwa karibu mno kutoshukiwa.

Hapa ndipo umri mrefu ulipogeuka hatari. Simeon Mesaki, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyechunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Usukumani, ameonyesha kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 waliouawa walikuwa wengi mno, na wengi wao wanawake wa umri mkubwa. Sungusungu, jeshi la jadi lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, lilileta amani njiani, lakini siku za mwanzo nalo liliwaandama waliodhaniwa kuwa wachawi. Yalikuwako mashamba ya kurithiwa, zilikuwako chuki za nyumbani, na palikuwa na ugonjwa usiojulikana sababu yake. Dalili iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa ni ile: macho mekundu. Shoka lililokata miti, moshi uliofuata, na jicho lililovimba vikasahauliwa vyote, akabaki bibi peke yake kuwa ndiye sababu.

Aliyenusurika aliiona Rwamgasa nyingine. Tangu miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walimiminika. Mashamba yakawa maduara, karasha zikanguruma, na wanawake wakaketi kuponda mawe kwa nyundo. Dhahabu ilinaswa kwa zebaki, kisha ikachomwa motoni ili zebaki iondoke. Mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2002 uliichagua Rwamgasa kuwa miongoni mwa sehemu za kuchunguza madhara ya zebaki, na uchunguzi ukathibitisha kwamba wachomaji waliathirika. Mvuke wake hupanda mapafuni, hudhuru mishipa ya fahamu na kuitetemesha mikono. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Moshi wa kwanza uliwapata bibi. Huu wa pili unawapata wajukuu zao.

Kuna somo lililotoka kule kule Shinyanga. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, ambao haukuleta elimu ngeni tu, bali uliwauliza wazee. Wao walikumbuka ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta zikafunikwa tena kwa miti na majani. Kumbukumbu ya wazee ilirudisha kuni karibu na nyumba.

Kwa hiyo mjukuu wa Rwamgasa anayeandika wasifu wa bibi yake asiishie kwenye idadi ya vitukuu. Aandike alihama kutoka wapi, alilima nini, alihamishwa lini, alipikia nini. Aandike pia kwamba macho yake yalikuwa mekundu, na aeleze sababu. Sentensi hiyo moja ikisomwa kaburini mbele ya kijiji kizima, huenda ikamlinda bibi mwingine aliyeketi miongoni mwa wasikilizaji.