Wahmong wa Sa Pa: Kutoka Kutazamwa Hadi Kusimulia

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini si kila mwenyeji hupona. Mji wa Sa Pa, katika milima ya kaskazini ya Vietnam, ulijengwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 20 ili wapate pa kupumzika mbali na joto. Wahmong, ambao wazee wao walihamia huko kutoka kusini mwa Uchina, waliandikwa vitabuni kwa jina la "Méo", jina wasilolipenda, na picha zao zikauzwa kama kadi za posta. Walitazamwa tu, wala hawakuulizwa habari zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwafungulia mlango watalii wa nje. Sehemu kubwa ya faida iliwaendea wenye mahoteli waliotoka nyanda za chini, na Wahmong wakabaki njiani wakiuza nguo zao za nili. Hata hivyo, wasichana wachuuzi, wengi wao wasiomaliza shule, walijifunza Kiingereza kwa sikio, vinywani mwa wanunuzi. Lugha hiyo ikawapa kazi ya kuongoza wageni, kwanza chini ya waajiri, kisha kwa niaba yao wenyewe: mwaka 2009 wanawake wa Kihmong walianzisha kikundi cha Sapa Sisters. Leo mgeni aweza kulala kijijini, na habari za nili na matuta ya mpunga akazisikia kwa wenyewe.

Walimu tulizingatie hili: lugha ya kigeni waliyoiokota njiani ndiyo iliyowawezesha kujitambulisha kwa jina lao.