Duara la Wagiriki Ugenini

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki vilikwisha mwaka 1949. Wapiganaji wa upande wa Wakomunisti walioshindwa, pamoja na raia wengi, walikimbilia nchi jirani za Albania, Yugoslavia na Bulgaria. Kutoka huko wengi walipelekwa mbali zaidi: Poland, Chekoslovakia, hata Tashkent. Maelfu walivuliwa uraia wao.

Sheria iliwafuta, lakini ngoma haikuwafuta. Katika kalamatiano, wachezaji hushikana mikono, huzunguka kwa hatua 12, na kiongozi hupunga leso. Watoto waliozaliwa ugenini walirithishwa hatua hizo. Ugiriki ambayo hawajaiona kwa macho waliijua kwa miguu.

Mwaka 1982 serikali ya Ugiriki iliwaruhusu wakimbizi kurejea, lakini wale tu waliokuwa Wagiriki kwa asili. Wamakedonia wenye lugha ya Kislavi, waliokimbia vita vilevile, waliachwa nje.

Basi tafakari, msomaji: watu wakishatoroka moto mmoja, ni nani mwenye haki ya kuamua yupi arudi katika duara na yupi abaki pembeni?