Kabureta Moja au Mbili?

Kijana akishanunua pikipiki, haupiti muda mrefu kabla hajaulizia kabureta kubwa zaidi. Hoja yake inaeleweka: hewa na petroli zikiongezeka, nguvu nayo itaongezeka. Swali hilo si geni. Kiwanda cha Triumph cha Uingereza kililikabili zaidi ya miaka 60 iliyopita, na jibu lake lingali na mafunzo.

Kwanza tukumbushane kazi ya chombo chenyewe. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach wa Ujerumani alitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli, na kanuni yake ndiyo ileile ya leo. Hewa hupita penye shingo nyembamba, mwendo wake huongezeka, kanieneo hupungua, na petroli hufyonzwa kupitia kitundu kidogo. Ili petroli iungue vizuri, gramu 1 huhitaji kiasi cha gramu 14.7 za hewa. Petroli ikipungua mno, injini hupata joto kali na pistoni yaweza kutoboka. Ikizidi, plagi huwa nyeusi na fedha hutoka pamoja na moshi.

Mwaka 1937 Triumph ilitoa Speed Twin, iliyobuniwa na Edward Turner. Ilikuwa na silinda mbili na kabureta moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanunuzi wa Marekani walidai mwendo zaidi. Mwaka 1956 Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, kwa kasi ya karibu kilomita 345 kwa saa. Shirikisho la kimataifa halikuitambua rekodi hiyo, lakini kiwanda kililipenda jina. Mwishoni mwa 1958 kikaonyesha pikipiki mpya, Bonneville T120, ya sentimita za ujazo 649, yenye kabureta mbili za Amal, kila silinda na yake.

Nguvu ilipatikana, hasa injini ilipozunguka kwa kasi. Lakini nguvu hiyo ilikuwa na gharama. Kabureta mbili lazima zifunguke kwa wakati mmoja na kwa kiasi kimoja. Waya mmoja ukilegea kidogo, silinda moja huvuta na mwenzake huburutwa, na injini hutetemeka. Matoleo ya kwanza yalikuwa na bakuli la petroli lililotengwa na kabureta, na mpango huo haukudumu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Triumph haikuiacha kabureta moja. Iliendelea kuuza TR6, yenye injini ya ukubwa uleule. Polisi wa Uingereza walitumia TR6P, nayo ilikuwa ya kabureta moja. Askari wa doria hakutafuta kasi ya mashindano. Alitaka pikipiki inayowaka kila asubuhi. Hata injini ilipokuzwa mwaka 1973, kulikuwa na T140 ya kabureta mbili na TR7 ya kabureta moja. Kiwanda kilimwachia mnunuzi achague kulingana na kazi yake.

Hapo ndipo linapoingia suala la bodaboda wetu. Kabureta ikiwa kubwa kuliko mahitaji ya injini, hewa hupita polepole shingoni, petroli hainyunyiziki vizuri, na pikipiki hukwama kwenye mwendo mdogo. Na huo ndio mwendo wa kubeba abiria mjini kutwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwenye pikipiki akague chujio la hewa, plagi na nafasi ya valvu. Kabureta mpya haiponyi injini iliyochoka. Akiamua kurekebisha, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha atazame rangi ya plagi. Tena mahali pana uzito wake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Jeti inayofaa Mombasa yaweza kuzidisha petroli huko.

Wasikilizaji, mtu anayelisha familia kwa pikipiki hapimi faida kwa kasi ya juu kabisa. Huipima jioni, akishatoa gharama ya petroli kwenye mapato ya siku. Asipopata faida kwa hesabu hiyo, kabureta aliyonayo, ikisafishwa na kurekebishwa barabara, inamtosha.