Mikono ya Chini ya Mparachichi

Kijiji chetu kilinichagua kuwania ujumbe wa Baraza la Katiba la wilaya, kwa kunyoosha mikono, chini ya mparachichi, kabla ya kiangazi cha 2013. Mwongozo wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Warioba, ulitaka kila kijiji kitoe watu wanne: mzee, mwanamke, kijana na mtu mzima mwingine. Mwanamke nilikuwa mimi. Wilaya yetu, Kyerwa, ilikuwa imemegwa kutoka Karagwe mwaka uliotangulia tu.

Majina ya vijiji vyote yakapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, nayo ikabakiza wanne kwa kata nzima. Langu halikurudi. Sababu sikuelezwa. Mzee mmoja aliyesimama juani kunipigia kura alikuja nyumbani: "Waitu, mkono wangu umeishia wapi?" Sikuwa na jibu. Nchi nzima malalamiko yalikuwa hapo hapo, kwenye chekeche la kata. Wapinzani walisema kamati hizo zimejaa watu wa chama kimoja.

Nilikuwa na neno moja la kusema barazani. Rasimu ya kwanza ya Katiba, ya tarehe 3 Juni 2013, ilipendekeza Bunge la Muungano la wabunge 75, kila mkoa wa Bara utoe wawili, mwanamke na mwanamume. Usawa huo niliupenda mno. Lakini wawili kwa Kagera yote! Kutoka Murongo mpakani na Uganda hadi Ngara, na Muleba na visiwa vyake. Najua rasimu ilitaka serikali tatu, Tanganyika ingekuwa na bunge lake, na kahawa na ndizi zetu zingejadiliwa humo. Ila uraia na uhamiaji vilibaki kwa Muungano, na kwetu mpakani hayo si mambo ya mbali. Mabaraza yakiwa bado yanakaa, Julai ile ile, wahamiaji wasio na vibali waliamriwa kuondoka. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwasaka, na jirani akawa anaulizwa babu yake alizikwa wapi.

Februari 2014 Bunge Maalum la Katiba lilianza Dodoma, likiwa na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Wakulima wa nchi nzima walipewa viti 20. Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa tarehe 2 Oktoba, serikali tatu zilikuwa zimeondolewa. Usawa wa wanawake na wanaume bungeni ulibaki, nami nashukuru.

Ikabaki kura ya maoni, ambako kura ya yule mzee ingehesabiwa bila kupitia meza ya kamati. Ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Siku hiyo nilishinda nikipalilia maharage.